"By" na "until": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno mawili ya Kiingereza ambayo sisi huyaita yote "mpaka"

Maswali haya yametoka kwa watu ninaowafundisha Kiingereza jioni, wakishatoka kazini: makarani, wauguzi, wenye maduka, vijana wanaoomba vyuo vya nje. Wengi wao wanakizungumza vizuri. Hata hivyo, kila muhula maneno haya mawili hurudi, na kosa lake halilingani na ufupi wake, kwa sababu karibu kila mara linagusa siku ya kulipa, siku ya kuhama au siku ya kuacha kumeza dawa.

## Misingi

Tofauti yenyewe ni ipi?

"Until" ni ya jambo linaloendelea muda wote, likakoma wakati uliotajwa unapofika. "By" ni ya jambo linalotokea mara moja, saa yoyote ile, ilimradi wakati uliotajwa usipite kabla halijatokea.

Chukua sentensi mbili zinazotofautiana kwa neno hilo tu. "I will be in the office until five" maana yake nipo ofisini sasa hivi, na saa kumi na moja jioni natoka. "I will be in the office by five" maana yake sasa sipo. Huenda nikafika saa tisa, huenda saa kumi na nusu, ila saa kumi na moja ikigonga utanikuta. Mgeni akija saa kumi, kwa sentensi ya kwanza atakukuta. Kwa ya pili huenda akakaa kwenye benchi akikungoja. Akija saa kumi na mbili ni kinyume chake.

Kwa nini watu waliosoma wanaendelea kuyachanganya?

Kwa sababu wanafikiri kwa Kiswahili fasaha, na Kiswahili hakiwadai kuchagua. Tunasema "nitakusubiri mpaka Ijumaa" na tunasema "mpaka Ijumaa nitakuwa nimekulipa", na hakuna anayepotea. Neno lenyewe ni lile lile la mpaka wa shamba au mpaka wa nchi: linatuonyesha mstari. Kilichotokea kabla ya kuufikia mstari huo tunaambiwa na kitenzi. Kiingereza kimekabidhi kazi hiyo kwa kineno kidogo kinachotangulia siku. Ndiyo maana kutafsiri "mpaka" peke yake hakusaidii. Lazima uangalie kwanza kitenzi kinafanya nini.

Wala si sisi peke yetu. Kijerumani kina "bis" moja tu kwa maana zote mbili, na Wajerumani wanaojifunza Kiingereza hufanya kosa lile lile. Kifaransa hutenganisha: "jusqu'à vendredi" kwa jambo linaloendelea, "d'ici vendredi" kwa jambo la kukamilishwa. Kwa hiyo wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana njia ya mkato: wapitie huko.

Kuna kipimo ninachoweza kutumia nikiwa naandika barua haraka?

Kipo, na ni cha Kiswahili. Iseme sentensi yako kichwani, kisha ujaribu kuitia maneno "muda wote". "Subiri muda wote mpaka saa nane" inakaa sawa, basi ni "until". "Rudisha ufunguo muda wote mpaka saa nane" haikai. Sasa jaribu "uwe umesha-": "mpaka saa nane uwe umesharudisha ufunguo". Imekaa, basi ni "by".

Ukizoea, utaona kwamba kusubiri, kukaa, kulala, kuishi, kutunza na kufungwa huvuta "until", na kulipa, kufika, kumaliza, kutuma, kurudisha na kuamua huvuta "by". Sipendi watu wakariri orodha hiyo, maana yapo mambo yanayogeuka kufuatana na sentensi. Ukiulizwa utafanya kazi mpaka lini, ni "until". Ukiulizwa kazi itakwisha lini, ni "by".

Kiswahili hakina kabisa neno la "by"?

Kinayo kadhaa, tunayazembea tu. "Kufikia" ndilo la karibu zaidi: "kufikia Ijumaa niwe nimepata jibu." "Ifikapo" ni la barua rasmi na matangazo. Watangazaji wa habari husema "hadi kufikia jana jioni", nao wanabeba maana ya "by" bila wasiwasi. Matangazo ya kazi huandika "mwisho wa kupokea maombi ni tarehe fulani", na Wakenya wanalo neno "makataa" kwa siku yenyewe.

Nawashauri wanaotafsiri wajizoeze "kufikia" na "ifikapo" hata wanapoandika Kiswahili kitupu. Ukilitumia neno sahihi kwa lugha yako, la Kiingereza huja lenyewe. "Kabla ya" ni jirani yake lakini si pacha. Tazama swali linalofuata.

## Siku ya mwisho

Nikiambiwa "by Friday", Ijumaa yenyewe imo?

Kwa kawaida imo. "By Friday" ni Ijumaa au siku yoyote iliyoitangulia. Wakikusudia Ijumaa isiwemo, wataandika "before Friday", na hapo Alhamisi ndiyo ya mwisho.

Kinachobaki ni saa. Ofisi inayopokea karatasi kwa mkono inakusudia saa za kazi, si usiku. Maombi ya mtandaoni mara nyingi hutaja 11:59 pm, yaani saa sita kasoro dakika moja usiku, na hapo swali linakuwa usiku wa wapi. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya London kwa saa 3 wakati wao wako kwenye majira ya baridi na saa 2 majira yao ya joto. Mbele ya New York tunatangulia saa 8 au 7. Chuo cha New York kikisema mwisho ni usiku wa manane kwao mwezi Januari, kwako Mombasa ni saa mbili asubuhi ya siku ya pili. Nafasi ipo, lakini tafadhali usiitegemee: mtandao huelemewa saa hizo za mwisho, na umeme haukuahidi kitu.

Na "until Friday"?

Hapa Kiingereza chenyewe kina ukungu, na ni heri ulijue hilo kuliko kudhani umekosea wewe. "I am on leave until Friday": kuna atakayekutafuta Ijumaa asubuhi, na kuna atakayengoja Jumatatu. Wote wawili wana haki. Kiswahili kina ukungu uo huo. "Nipo likizo hadi Ijumaa" huzua ubishi ule ule.

Wamarekani hujinasua kwa "through Friday", ambayo Ijumaa imo bila shaka. Waingereza huandika "up to and including Friday". Mimi napendelea njia ya tatu: acha siku ya kumaliza, taja siku ya kurudi. "I will be back on Monday" haina pa kubishania.

Kulipa ni tendo la mara moja. Mbona wanaandika "You have until Friday to pay"?

Swali hili huulizwa na wale walioelewa vizuri, na jibu lake ndilo linaloifunga mada yote. Tazama kitenzi ambacho "until" imekishika. Si "pay", ni "have": unayo nafasi, na nafasi hiyo inaendelea leo, kesho, keshokutwa, ikakoma Ijumaa. Malipo hutokea, nafasi huendelea. Ndiyo maana "Pay by Friday" na "You have until Friday to pay" zinakufikisha kwenye siku ile ile kwa njia mbili tofauti.

Mfano unaowagusa Wakenya wote wenye PIN, yaani namba ya mlipa kodi: ritani ya kodi ya mapato ya mtu binafsi huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Unaweza kusema "File by 30 June", kwa kuwa kuwasilisha ni mara moja. Unaweza kusema pia "You can file until 30 June", kwa kuwa ruhusa inaendelea kila siku mpaka hapo. Lakini "File until 30 June" ni agizo la ajabu: ni kama kumwambia mtu awasilishe ritani kila siku, aache tarehe 30.

Nikikosea, msomaji ataelewa nini hasa?

Mara nyingi atakisia ulichokusudia. Hatari ipo pale anapoweza kuelewa jambo jingine lenye mantiki. Mmoja wa wanafunzi wangu alimwandikia mwenye nyumba: "I will pay the rent until the 5th." Alikusudia kwamba tarehe 5 haitapita kabla hajalipa. Mwenye nyumba alisoma kwamba mpangaji analipa hadi tarehe 5, kisha anahama, naye akaanza kutafuta mtu mwingine. Kila neno kwenye sentensi ile lilikuwa sahihi isipokuwa moja.

Ukigundua umeshatuma, usiandike maelezo marefu. Tuma mstari mmoja wenye "by" na tarehe.

## Kukanusha, njeo (nyakati za kitenzi) na "by the time"

"Not until" inanichanganya: atakuja au hatakuja?

Atakuja. "The doctor will not come until three" ni sawasawa na yetu ya "daktari haji mpaka saa tisa": kutokuja kunaendelea, saa tisa kunakoma, daktari anaingia. Ukanushaji umeligeuza tendo la mara moja kuwa hali inayoendelea, ndiyo maana "come" imekubali "until".

Linganisha na "The doctor will not be here by three." Hii inasema tu kwamba ikifika saa tisa atakuwa hajafika. Atafika saa kumi, kesho, au asifike kabisa. Sentensi haijaahidi chochote. Wauguzi, hii ni yenu: mgonjwa akiambiwa ya kwanza atatulia mpaka saa tisa, akiambiwa ya pili ana haki ya kuuliza "sasa lini?"

Kwa nini "Wait until he will come" ni kosa, ilhali sisi tunasema "mpaka atakapokuja"?

Kwa sababu Kiingereza kikishaweka "until" mbele ya sentensi ndogo, hakirudii alama ya wakati ujao. Ni "Wait until he comes", au "until he has come" ukitaka kusisitiza kwamba awe ameshafika. Wanaosema "subiri mpaka aje" wamekaribia zaidi, maana "aje" haina "-ta-".

Naweza kusema "By I arrived, the bus had left"?

Hapana. "By" hupokea saa, siku, tarehe au maneno kama "now" na "then", haipokei sentensi. Ukitaka kuweka sentensi, ongeza "the time": "By the time I arrived, the bus had left." Kwa Kiswahili cha kila siku ni "mpaka nafika, basi limeshaondoka", na hapo tena utaona "mpaka" yetu inafanya kazi ya "by" huku imevaa sura ya "until". Ukisema "Until I arrived, the bus had left", umeharibu maana yote.

Kwa wakati ujao, sisi tuna umbo linalolingana kabisa: "nitakuwa nimemaliza". "By June I will have finished" ni "kufikia Juni nitakuwa nimemaliza", kitenzi kwa kitenzi. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo unaweza kutafsiri moja kwa moja na ukapata Kiingereza safi.

## Lebo na hati

Kwenye vyakula vya Uingereza naona "use by", "best before" na "display until". Zote ni tarehe ya kuharibika?

Sivyo, na kila moja inazungumza na mtu tofauti. "Use by" inahusu usalama. Huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika haraka, kama nyama mbichi na samaki. Unaweza kula siku ile iliyoandikwa, ukishaivuka usile hata kama hakinuki. "Best before" inahusu ubora: biskuti au mchele uliopita tarehe hiyo huenda ukapungua ladha, si lazima ukudhuru. "Display until" haikuhusu wewe kabisa. Ni ya mhudumu wa duka, kumwambia akiache chakula hicho rafuni muda wote mpaka siku hiyo, kisha akiondoe.

Angalia jinsi maneno yetu mawili yalivyokaa kwenye pakiti moja. Kutumia ni tendo la kukamilishwa kabla siku haijapita, basi "by". Kukaa rafuni ni hali inayoendelea, basi "until". Sijapata mfano bora wa kufundishia kuliko huu.

Je, "use by" ya dawa ni hivyo hivyo?

Hapa kuwa makini zaidi, hasa ndugu walioko Uingereza. Huduma ya afya ya taifa ya huko, NHS, hueleza kwamba dawa iliyoandikwa tarehe ya kuisha kwa mwezi na mwaka tu, kwa mfano Julai, isitumiwe baada ya siku ya mwisho ya mwezi huo, yaani 31 Julai. Lakini ikiwa imeandikwa "use by" au "use before" Julai, kwa kawaida maana yake itumike kabla ya mwezi uliotangulia kwisha: baada ya 30 Juni usiitumie. Mwezi mzima umeondoka kwa sababu ya neno moja. Ukiwa na shaka, mfamasia hukujibu pale pale dirishani.

Viza yangu ya Marekani ina tarehe moja, na rekodi ya kuingia ina nyingine. Nifuate ipi?

Zinajibu maswali mawili. Tarehe ya kuisha iliyo kwenye viza ni ya kufika mlangoni: ni siku ya mwisho ambayo unaweza kuitumia kuomba kuingia. Hiyo ni "by". Muda wa kukaa ndani huwekwa na afisa ukishafika, na unaandikwa kwenye rekodi ya I-94, mahali palipoandikwa "Admit Until Date". Hiyo ni "until": umeruhusiwa kuwepo, mfululizo, mpaka tarehe hiyo.

Kwa hiyo viza inaweza kuisha ukiwa ndani na bado ukawa halali, na inaweza kubaki na miaka huku siku zako za kukaa zimekwisha. Jambo la pili ndilo linaloumiza watu. Wameona mwaka ulioandikwa kwenye viza wakadhani ni ruhusa ya kukaa. Ukishaingia, itafute I-94 yako mtandaoni na uisome siku hiyo hiyo.

## Pembezoni

"Till", "until" na "'til": ipi ni sahihi?

"Till" na "until" ni sahihi zote, na maana ni moja. Wengi hudhani "till" ni ufupisho. Si kweli, "till" ndilo la zamani zaidi, na "until" lilitokea baadaye kwa kuongezewa kipande mbele. Kumbuka herufi: "until" ina l moja, "till" ina mbili. "'Til" yenye alama ya kukatia ilikuja baadaye zaidi. Iache kwenye ujumbe wa simu. Kwenye barua rasmi andika "until".

Naweza kusema "I walked until the market"?

Usiseme. "Until" ni ya wakati peke yake. Mahali hupokea "to" au "as far as": "I walked as far as the market." Na idadi hupokea "up to": gari la kubeba "hadi watu 14" ni "up to 14 people". Na ile "mpaka" ya mshangao, "mpaka mwalimu alicheka", ni "even": "Even the teacher laughed." "Mpaka" yetu ina kazi nyingi, "until" imepewa moja.

"By bus", "by the river", "by 10 percent" zinahusiana na "by" hii?

Asili yake ni ukaribu: kuwa kando ya kitu. Ukaribu wa mahali ndio ulioingia kwenye wakati. Hizo nyingine jifunze moja moja, ila moja nakuonya: bei iliyopungua "by 10 percent" imeshuka kwa asilimia 10, na iliyopungua "to 10 percent" imebaki asilimia 10.

Nikiambiwa "by Friday night", nifuate usiku upi?

Kwa Kiingereza, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Nasema hivi kwa ajili ya wazee wetu wa pwani, ambao siku kwao huanza jua linapotua, na "usiku wa Ijumaa" ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ukimtafsiria mtu wa namna hiyo, tumia "Ijumaa jioni, baada ya mchana wake", au taja tarehe na saa. Na saa zenyewe uzigeuze: "by 6 pm" ni kufikia saa kumi na mbili jioni.

Mkataba wangu wa nyumba una "until 31 December" mahali pamoja na "by 31 December" mahali pengine. Zinapingana?

Hazipingani. Kwa kawaida ya kwanza inakuruhusu kukaa: "The tenant may stay until 31 December." Ya pili inakuagiza kutoka: "The tenant must vacate by 31 December." Ruhusa inaendelea, kuhama kunatokea, tarehe ni moja.

Shida ni ile niliyoitaja kwenye swali la "until Friday": je, tarehe 31 yenyewe unalala humo? Kabla ya kutia sahihi, omba saa iandikwe. "By 12 noon on 31 December" ni maneno machache tu, na mwenye nyumba mwaminifu hatakataa kuyaongeza.